Siku Hizi Anarudi Mkavu

Kwenye maikrofoni! Jamani, kwenye maikrofoni, tena spika moja imeelekezwa barabarani ili na wapita njia wasibaki nyuma! Na wageni waliosikia walikuwa wamekalia viti vyake mwenyewe, vile vyeupe alivyovisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Mama Viti alikuwa amesimama nyuma kabisa ya turubai, jicho kwenye kiti cha mgeni rasmi, maana mgeni rasmi alikuwa na mwili na kile kiti kilikuwa na ufa. Kazi yake ndiyo hiyo, kukodisha viti na maturubai. Harusi anapeleka, msiba anapeleka, na siku hiyo mteja alikuwa kituo cha polisi anakofanya kazi mumewe, Koplo. Kituo kilikuwa kinafungua Chumba cha Utulivu. Kimepakwa rangi ya maziwa, kina kochi jipya, maua ya plastiki na bango kubwa: ZUNGUMZA, TUPO NAWE. Askari akiona mabaya kazini aingie humo, akae, atoe yaliyo moyoni, na kitakachosemwa humo kibaki humo. Ndivyo walivyoambiwa.

Mkuu wa kituo, mtu anayependa maikrofoni kuliko chakula, alikuwa amenogewa.

"Msidhani haya ni maneno ya kwenye makaratasi," akasema. "Tunaye askari wetu hapa hapa, simtaji jina. Tangu ule moto, kitandani halali. Analala sakafuni nyuma ya mlango, buti miguuni, kamba zimefungwa kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkewe akitaka kwenda chooni inabidi amruke!"

Watu wakacheka. Walicheka tu kama wanavyocheka watu wenye njaa waliopewa kitu cha kuwachangamsha kabla ya sahani kuja. Mgeni rasmi naye akacheka, kiti kikalia kwi, na kwa mara ya kwanza Mama Viti hakujali kama kitavunjika.

Kule mbele, kwenye mstari wa askari waliopiga pasi sare zao, Koplo hakumwangalia mkuu wake. Aligeuza shingo polepole. Macho yakapita askari wenzake, yakapita mgeni rasmi, yakapita safu zote za viti vyeupe mpaka yakamkuta mkewe. Yakatulia hapo.

Maana hilo la kurukwa, Koplo mwenyewe alikuwa halijui. Anarukwa akiwa usingizini! Katika dunia nzima aliyekuwa analijua ni mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye viti.

* * *

Ngoja sasa. Alimwambia nani? Mtu mmoja tu, tena mtu ambaye hata wewe ungemwambia: Sajini. Sajini na Koplo waliingia kazini pamoja, wakapanda gari moja la doria miaka yote, wakakopeshana mikanda, soksi na visingizio. Binti wa Mama Viti anamwita anko, na jikoni kwao kuna kigoda kinachojulikana kwamba ni cha Sajini.

Watu wa gari lile walikuwa na desturi yao. Wakitoka kwenye tukio baya, ajali au mtu aliyeopolewa mtoni, hakuna kwenda nyumbani moja kwa moja. Wanaosha gari. Hata kama ni safi, wanaliosha. Suruali zimekunjwa, ndoo zimejaa, kila mtu na tairi lake, na humo humo kwenye kusugua mmoja anaanza: "Nyie, mliuona ule mkono?" Mwingine anajibu bila kumwangalia. Akilia mtu, wenzake wanammwagia maji kama bahati mbaya, ili isijulikane kipi ni kipi. Halafu utani, halafu makelele, halafu kila mtu kwake. Koplo alikuwa anafika nyumbani amelowa mpaka kiunoni, na Mama Viti anafoka mlangoni: "Wewe ni polisi au ni samaki?" Anakula, analala, anakoroma kama trekta.

Akaja mkuu huyu mpya. Akasema maji yanapotea, muda unapotea, na askari hawakuajiriwa kuosha magari. Gari likawa linapelekwa kwa waosha magari wa mjini, na mahali pa ndoo ukaja mradi. Katika kila zamu akachaguliwa mmoja, akaenda semina, akarudi na beji ya buluu ya msikilizaji. Kwenye zamu yao alichaguliwa Sajini.

Moto ulitokea baada ya hapo. Lilikuwa jengo la mafundi makochi, karakana chini, wapangaji juu. Koplo na Sajini walipewa kamba waishike, watu wasisogee. Zimamoto wakafanya kazi yao, gari likaenda kuoshwa na watu ambao hawakuwepo, na Koplo akarudi nyumbani mkavu. Mkavu, mapema, na kimya. Alisema jambo moja tu: "Yanayotokea humu ndani yaishie humu ndani." Mama Viti akaitikia. Tangu siku hiyo buti hazikutoka miguuni.

Basi Sajini alipopita kuwasalimia na Koplo hayupo, Mama Viti akamsogezea kigoda chake.

"Shemeji, nina jambo. Lakini hili ni la jikoni, lisitoke."

"Mama Viti, mimi ni kaburi."

"Kaburi gani linavaa beji?"

Wakacheka wote wawili. Kisha akamwambia yote: mlango, sakafu, kamba za buti, na jinsi anavyomruka mumewe huku amekusanya gauni lisimguse, kwa sababu siku lilipomgusa alikurupuka usingizini akamkamata mguu, hakumtambua, na asubuhi hakukumbuka kitu. Sajini alisikiliza vizuri mno. Akatikisa kichwa panapotakiwa, akanyamaza panapotakiwa. "Umefanya la maana kuniambia," akasema. Mama Viti akajisikia kama mtu aliyetua gunia.

Kumbe gunia lenyewe alikuwa amemtwisha mumewe.

* * *

Siku ya sherehe mvua ilinyesha wakati wa chakula, uwanja ukawa tope tupu, viti vikaachwa kituoni. Mama Viti alifika nyumbani mikono mitupu, akamkuta Koplo ameketi ukingoni mwa kitanda. Jua lilikuwa bado lipo dirishani.

"Nakoroma?" akauliza.

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Unaponiruka, huwa nakoroma au nimenyamaza? Ili mkuu akitaka kujua nimjibu mwenyewe."

"Mume wangu, nilitaka usaidiwe."

"Nimesaidiwa. Umeona watu walivyofurahi."

"Nilimwambia Sajini peke yake. Kama ndugu yako."

"Na mimi nilikuambia nini wewe? Kama mke wangu?"

Alisimama na mkoba begani kama mgeni aliyekosea nyumba. Binti yao, aliyekuwa darasa la nne na asiyejua bado kwamba kuna maswali yanayosubiri, akachungulia.

"Baba, Glasi ni nani? Watoto wa pale kituoni wamesema baba yako ni Glasi, mshikeni vizuri asianguke."

"Ni mimi, mwanangu," Koplo akasema kwa upole. "Kuanzia sasa mniweke kabatini."

Mtoto akacheka. Mama Viti hakuweza.

Ndipo Koplo akafanya kitu kilichomtisha mkewe kuliko miezi yote ya nyuma ya mlango. Alifungua kamba za buti, moja, ya pili. Akazivua. Akazipanga chini ya kitanda, visigino sambamba, akapanda, akalala chali na mikono kifuani.

"Nimelala kitandani," akasema akiwa amefumba macho. "Kampelekee na hiyo."

Hakuwa amelala. Mama Viti aliisikia pumzi yake, pumzi ya mtu anayejizuia. Akakaa sakafuni akimtazama. Mtu aliyelala mlangoni angalau unajua alipo, unaweza kumruka. Huyu wa kitandani alikuwa ameondoka, na mlango alikuwa ameufunga kwa ndani.

* * *

Asubuhi alikwenda kituoni kuchukua viti vyake. Akamkuta Koplo kwenye uga wa pikipiki zilizokamatwa, ameketi juu ya tairi bovu, fimbo mkononi. Fimbo! Bunduki walikuwa wamemvua kwenye gwaride la asubuhi hiyo, wenzake wote wakitazama, wakasema ni kwa usalama wake. Mama Viti alipita karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Koplo akaendelea kuzitazama pikipiki kana kwamba zitatoroka.

Sajini alikuwa ndani ya Chumba cha Utulivu. Na dirisha la chumba hicho, amini usiamini, lilikuwa kubwa kama la duka la nguo, linatazama uwanja wa gwaride. Ukiingia kutoa siri zako, kituo kizima kinakuona unakohoa.

"Karibu Mama Viti. Keti."

"Kochi lenu sikalii. Nimefuata viti vyangu na maneno yangu. Viti naviona pale nje. Maneno yako wapi?"

Sajini akafunga mlango, ingawa kwa dirisha lile haikusaidia kitu.

"Sikutaja jina," akasema.

"Bora ungetaja jina! Jina lake limeshonwa kifuani, kila mtu analisoma. Wewe umewapa mlango wangu. Umewapa sakafu yangu. Umewapa mguu wangu unavyopita juu ya mume wangu, wakacheka huku wanangoja kula!"

"Mkuu alitaka mfano. Kila wiki ananiita: msikilizaji, umesikia nini? Na humu haingii mtu. Mumeo mwenyewe aliingia siku moja, akakaa kidogo, akatoka karibu anakimbia. Nimwambie nini mkuu?"

"Umwambie hujasikia kitu."

"Msikilizaji asiyesikia kitu anavuliwa beji, shemeji."

"Shemeji yako ni nani?"

Hapo Sajini akaishika ile beji, akaigeuza geuza, na Mama Viti akaona kucha zake. Zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama inaonekana.

"Kamba ina ncha mbili," Sajini akasema kwa sauti ndogo. "Mumeo alishika moja, na mimi nikashika nyingine. Nilikuwepo. Niliona alichoona. Mimi ananisikiliza nani?"

Moyo wa Mama Viti ukataka kulegea. Akaukamata kabla haujamwaibisha.

"Ungekuja jikoni ukasema hivyo, ningekusikiliza mpaka chungu kiungue. Umekuja ukachukua vyetu, vyako ukavificha. Kile kigoda nimeshakiondoa."

Akatoka. Nyuma ya kituo, alipokuwa anawaonyesha wapakizi viti vilipo, akaiona ile sakafu ya saruji walipokuwa wanaoshea gari. Bomba lilikuwa limeng'olewa kichwa. Juu ya saruji walikuwa wamepanga vyungu vya maua, vimekaa kwa mstari, vimekauka. Mama Viti alisimama pale mpaka mpakizi mmoja akamwita: "Mama, tunaondoka au tunahamia?"

* * *

Viti vilishushwa uwanjani kwake vikiwa havitamaniki. Wageni wa heshima walikuwa wamevipanda juu kukwepa maji, na mgeni rasmi aliacha alama ya kiatu iliyokamilika mpaka kisigino. Mama Viti akafunga gauni kiunoni. Akajaza ndoo. Akaiangalia, akajaza na ya pili. Akaweka brashi moja kwenye ndoo yake, nyingine akaiweka kwenye ndoo ile isiyo na mtu, upande wa pili wa lundo. Binti akatumwa kwa jirani kucheza, naye akaenda mbio kabla mama hajabadili mawazo.

Koplo akarudi. Mapema, mkavu.

"Keshokutwa vinatakiwa harusini," Mama Viti akasema bila kuinua kichwa. "Na mgongo wangu umekataa."

Koplo akapita ndani. Mama Viti akasugua kiti kimoja, akakisugua tena kile kile. Akajiambia, basi, ndiyo imetoka hiyo. Kisha akasikia miguu mitupu juu ya tope. Mumewe alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. Akaketi upande wa pili, akampa mgongo, akachukua brashi.

Waliosha. Mama Viti alikuwa na maneno yamejaa mdomoni, ya kuomba msamaha, ya kumtukana Sajini, ya kumuuliza, na yote akayameza moja baada ya jingine kama vidonge. Maji yalipokuwa meusi walimwaga, wakajaza mengine.

"Lile kochi linanuka," Koplo akasema.

Brashi ya Mama Viti ikataka kusimama. Akailazimisha iendelee.

"Kochi gani?"

"La chumba chao. Sponji mpya na gundi. Ndiyo ilikuwa harufu ya lile jengo. Niliingia mle kusema, haki ya Mungu niliingia kusema. Nikakaa, pua ikanirudisha kule. Nikatoka. Wakasema nimekataa msaada."

"Huo mguu wa kiti bado una tope," Mama Viti akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya ndoo.

Koplo akausugua mguu wa kiti. Akachukua kiti kingine.

"Kulikuwa na mama mmoja. Aliniita mwanangu. Mwanangu niachie nipite, kuna mtu juu. Na sisi tumeambiwa hapiti mtu. Nikamshika hivi." Akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na kile kiti chepesi kikatetemeka. "Alikuwa hana uzito. Akaanza kunipiga mateke. Akapiga buti, kamba ikafunguka. Sasa mimi, mjinga mimi, miaka yote tunafundishwa askari hasimami na kamba wazi... nikamwachia mkono mmoja, nikainama nifunge. Kidogo tu. Nilipoinuka..."

Hapo maneno yakakatika. Mama Viti alisubiri. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye viti vilivyopangwa, tone kwa tone, na nyuma yake mumewe alikuwa anapumua kama mtu aliyepandisha mzigo ngazini. Kwa mara ya kwanza Mama Viti alielewa buti zile zilikuwa zinangoja nini nyuma ya mlango, kamba zimefungwa kabisa.

Hakugeuka.

"Leo siwezi," Koplo akasema.

"Sijakuuliza."

"Na hili likitoka..."

"Likitoka, mlangoni nilale mimi."

Koplo hakusema amemsamehe. Aliinuka, akachukua ndoo yake, akazunguka nyuma ya nyumba kunawa miguu. Mama Viti akajifuta uso kwa mkono wenye povu, akaangalia kazi. Na hapo roho ikampaa. Viti vilikuwa vimekwisha! Vyote, vyeupe, vinameremeta kwa safu hadi ukutani, hakuna hata kimoja kilichobaki. Kesho atamketisha wapi huyu mwanamume? Atampa nini cha kusugua?

Hakufikiri mara mbili. Alichota tope kwa mikono miwili, akakipaka kiti cha kwanza. Akapaka cha pili, mgongo na miguu. Akapaka cha tatu, akapiga teke la matope kwenye safu nzima, akachota tena, anapaka kama fundi anayepiga plasta na mvua inakuja, mpaka aliposikia kimya nyuma yake.

Koplo alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, ndoo mkononi, miguu misafi.

"Hivi hivi viti si tumeshaviosha?"

"Plastiki hii, haikawii kuchafuka."

Akaviangalia viti. Akaiangalia mikono ya mkewe, tope mpaka kwenye viwiko, na tope jingine puani. Suruali yake mwenyewe ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo, kama kitu kilichosahau njia.

"Wewe ni mke au ni kambale?"

Mama Viti hakuthubutu kucheka.

Koplo akaiweka ile ndoo chini, pale pale ilipokuwa, upande wa pili wa lundo, na brashi yake akaitumbukiza ndani.

"Iache hapo," akasema. "Kesho nikirudi nitakwambia nilipoinuka niliona nini."